Usugu wa Dawa Unavyotoka Zizini Hadi Jikoni

Ni nadra kumpata mfugaji wa Tanzania asiyeijua OTC. Jina lake kamili ni oksitetrasaiklini, antibaiotiki ya ukoo mmoja na tetrasaiklini na doksisaiklini ambazo binadamu huandikiwa hospitalini. Ng'ombe akizubaa, mbuzi akikohoa, kuku akisinzia, mkono huiendea hiyo kwanza. Mara nyingi mnyama hupona, na ndiyo maana inapendwa. Lakini utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba kila dozi huacha kitu nyuma: bakteria walionusurika. Hao hawakai zizini milele. Wengine huvuka, na wakati mwingine vinasaba vyao huvuka hata pale wao wenyewe wanapokufa njiani.

Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako binadamu, ng'ombe, mbuzi na kuku huishi ua mmoja na samadi ya zizi ndiyo uhai wa migomba, jambo hili lafaa lieleweke vizuri, bila kuogopeshana na bila kupuuza.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Mwili haukuzoea chochote, waliobadilika ni bakteria. Tumboni mwa binadamu na mwa ndama huishi bakteria aitwaye E. coli, ambaye mara nyingi hana madhara. Akipata joto na chakula cha kutosha, anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kila anapojigawa hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili hutokea makosa madogo. Mengi hayana maana, mengine humuua. Mara chache sana kosa humpa kinga dhidi ya dawa fulani. Dawa ikiingia, wenzake wote hufa na yeye hubaki peke yake na nafasi tele ya kuzaana. Kwa hiyo dawa haiumbi usugu, huuchagua. Vinasaba vya usugu vimekutwa hata katika udongo ulioganda kwa barafu kwa miaka 30,000, zama ambazo hakukuwa na duka la dawa wala sindano. Tulichokifanya sisi ni kuvipa vinasaba hivyo soko.

Njia ya pili ni ya haraka zaidi. Bakteria wengi hubeba, pembeni ya vinasaba vyao vikuu, vipande vidogo vya DNA vyenye umbo la pete viitwavyo plasmidi. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala ya plasmidi, hata kama mwenzake ni wa jamii nyingine, kama mwanafunzi anayenakili majibu na kumpa jirani wa darasa tofauti huku yeye akibaki na daftari lake. Plasmidi moja inaweza kubeba usugu dhidi ya dawa tatu, nne au zaidi kwa mpigo. Ndiyo maana kutumia dawa moja kunaweza kukuza usugu dhidi ya dawa nyingine ambayo mnyama hajawahi kuchomwa.

Uhamaji huu wa usugu uligunduliwa Japani katika miaka ya 1950. Baada ya vita kuu ya pili, kuhara damu kulitibiwa kwa dawa mpya, na haukupita muda mrefu kabla wagonjwa hawajaanza kubeba bakteria aina ya Shigella waliozishinda dawa nne kwa pamoja. Mabadiliko manne ya bahati kwa wakati mmoja yasingewezekana. Watafiti waliona kwamba wagonjwa hao hao walikuwa pia na E. coli wenye usugu ule ule. Kufikia 1959 walikuwa wameonyesha maabara kwamba ukiwachanganya, usugu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Shigella na E. coli ni ndugu wa karibu sana kivinasaba, na hilo hurahisisha ugawanaji.

Je, usugu wa mifugo humfikia mfugaji? Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, kundi la vifaranga liligawanywa mawili katika shamba moja: nusu wakapewa chakula chenye oksitetrasaiklini, nusu chakula cha kawaida. Ndani ya siku chache bakteria wa matumbo ya vifaranga waliopewa dawa walikuwa karibu wote sugu. Baada ya miezi kama mitano au sita, bakteria sugu waliongezeka pia katika choo cha watu wa familia ile, ilhali kwa majirani hawakuongezeka hivyo. Hakuna aliyeugua, ila watu wale walikuwa tayari wamebeba akiba ya usugu.

Leo watafiti husoma mpangilio mzima wa vinasaba vya bakteria na kuchora ukoo wake, nani kazaa nani na lini. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba aina moja ya bakteria stafilokokasi, anayesumbua wafugaji wa nguruwe Ulaya, asili yake ni kwa binadamu. Alipohamia kwa mifugo akajipatia usugu dhidi ya tetrasaiklini na methisilini, kisha akarudi kwa binadamu akiwa mgumu kuliko alivyoondoka. Barabara hii hupitwa pande zote mbili.

Afrika Mashariki pia imechunguzwa. Jijini Nairobi, watafiti walisoma vinasaba vya E. coli zaidi ya 1,300 waliochukuliwa kwa watu, mifugo na wanyama wa porini katika kaya 99. Waliona kwamba watu na mifugo kugawana bakteria wale wale si jambo la kila mara, na linapotokea huwa zaidi ndani ya kaya moja. Kaskazini mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha kaya za Wamaasai, Waarusha na Wachaga. Matokeo yake yaliwashangaza waliotarajia kwamba anayetumia dawa nyingi ndiye atakayekuwa na usugu mwingi. Wingi wa dawa peke yake haukutosha kueleza tofauti. Kilichoeleza zaidi ni jinsi bakteria wanavyosafiri: usafi, maji, ukaribu na wanyama, na kunywa maziwa mabichi.

Hapo ndipo penye habari njema. Usugu unahitaji vitu viwili: dawa inayouchagua na njia ya kuupitisha. Kaya isiyo na daktari wa mifugo karibu bado ina uwezo wa kuifunga ile njia.

Kwa watu wa Ngara, gharama ya dawa kushindwa si hadithi ya mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa. Miaka hiyo kuhara damu kwa Shigella kulikuwa kumeenea katika eneo la Maziwa Makuu, na bakteria huyo alikuwa amekwisha kuzishinda dawa nyingi za bei nafuu zilizokuwa zikitegemewa. Shigella si bakteria wa ng'ombe. Makao yake ni binadamu, na asitwishwe mfugaji lawama hiyo. Lakini, kama Japani ilivyofundisha, huazima vinasaba kwa E. coli, na E. coli yumo katika kila zizi. Leo wilaya hizi mbili bado ni njia panda: malori hupita Nyakanazi kuelekea Rusumo na Kabanga, na mifugo huhama na wenye nayo. Kinachoota upande mmoja wa mpaka hakisimami kugongewa muhuri.

Mfugaji afanye nini? Kwanza aujue ugonjwa kabla ya kununua dawa. Ndigana kali husababishwa na kimelea kisicho bakteria, kiletwacho na kupe; ikishashika, OTC haiitibu, inahitaji dawa yake maalumu. Ndigana baridi na maji moyo husababishwa na bakteria, na huko OTC ina kazi halali. Hata katika chanjo ya ndigana kali mtaalamu huchoma oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa makusudi, ili kuutuliza ugonjwa huku mwili wa ndama ukijifunza kinga. Kwa hiyo ujumbe si "acheni OTC". Ujumbe ni kwamba dawa ipewe ugonjwa wake, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama, na kwa siku zilizoagizwa.

Kwa kuku jambo liko wazi zaidi. Mdondo huletwa na virusi, na hakuna antibaiotiki inayoua virusi. Unga wa dawa uliomwagwa kwenye maji ya kunywea kuku wenye mdondo hauwaokoi. Huwafunza bakteria wao usugu tu. Kinachookoa ni chanjo: tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, bora wakichanja majirani wote siku moja. Josho linalofanya kazi na chanjo inayofika kwa wakati hupunguza homa zizini, na homa zikipungua, sindano hupungua zenyewe.

Kwa mama, hatua kubwa ni sufuria. Maziwa yachemshwe, hata ya ng'ombe anayeonekana mzima, na hata yale yanayokusudiwa kugandishwa, kwani uchachu peke yake si ulinzi wa kutegemea. Kuchemsha huua bakteria sugu kama kunavyoua wasio sugu; hapa usugu hauwasaidii kitu. Lakini maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa, au aliyetiwa dawa ya kiwele, yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, maana mabaki ya dawa hayaondoki kwa kuchemsha. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kukamua na kufagia banda. Samadi ilundikwe na kuachwa iungue kwa joto lake kabla ya kupelekwa shambani. Hilo halimalizi bakteria wote, lakini huwapunguza sana.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, sehemu kubwa ya usugu unaowaumiza watu hutokana na sisi wenyewe kutumia dawa ovyo: mafua yanayotibiwa kwa amoksilini, nusu dozi iliyohifadhiwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Kumlaumu mchungaji huku tukimeza vidonge bila vipimo ni kutotenda haki. Pili, matokeo ya Nairobi au ya Wamaasai yasihamishiwe Biharamulo jumla jumla. Ufugaji hutofautiana, na kila eneo linastahili vipimo vyake. Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi: duniani kote mwaka 2019, vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria walioshinda dawa.

Je, usugu hurudi nyuma? China imetoa jibu la kutia moyo. Mwaka 2015 kilitangazwa kinasaba kinachopitishwa na plasmidi, kinachoishinda kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi, huku wafugaji wakiitia katika chakula cha nguruwe ili wanenepe haraka. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku matumizi hayo ya kunenepesha, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kinasaba hicho kimepungua kwa nguruwe na kwa watu pia. Hakikuisha, lakini kilishuka ndani ya miaka michache tu.

Tanzania ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu tangu 2017, unaozikutanisha sekta za afya na mifugo. Mpango huo utapimwa vijijini kwa mambo ya kawaida kabisa: kama josho lina dawa, kama chanjo ya mdondo imefika kijijini, kama mtaalamu wa mifugo wa kata ana usafiri, na kama mwanafunzi wa biolojia anaweza kumweleza baba yake tofauti ya virusi na bakteria kabla baba hajafika dukani.