Kuitumia Kompyuta Iliyo Mbali

Huenda chama chenu cha ushirika kina kompyuta ya mezani. Ndani yake mna hesabu za wanachama: nani ameleta kilo ngapi, na nani anadai kiasi gani. Siku moja inakataa kufungua hesabu hizo. Fundi yuko mjini, na nauli ni kubwa. Je, mfanye nini?

Ipo njia. Kwa kutumia intaneti na programu maalumu, fundi anaweza kuitumia kompyuta yenu akiwa hukohuko mjini. Akisogeza kipanya chake, mshale unasogea kwenye kioo chenu. Lakini kufanya hivyo ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa ofisi. Kwa hiyo chagueni programu kwa makini.

Kwanza, Windows ina programu yake, Remote Desktop. Windows ya Home hairuhusu kuingiwa kwa njia hiyo. Ya Pro inaruhusu. Lakini msiiache wazi kwenye intaneti, kwani wezi huitafuta.

Pili, ziko TeamViewer na AnyDesk za Ujerumani. Kompyuta yenu huonyesha namba, nanyi mnamsomea fundi. Ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi tu. Ofisi hutakiwa kulipa.

Tatu, iko RustDesk. Hii ni bure, na mafundi wote wanaweza kukagua ilivyotengenezwa.

Kabla ya kuchagua, ulizeni:
1. Je, inafanya kazi kwenye kompyuta yetu na ya fundi pia?
2. Je, ofisi itailipia?
3. Je, intaneti yetu ina nguvu ya kutosha?
4. Je, inaomba ruhusa kabla mtu hajaingia?

Ipakueni kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Wekeni nakala ya hesabu mahali pengine kabla fundi hajaanza. Mtu mmoja akae mbele ya kompyuta mpaka kazi iishe, kisha aifunge programu.

Jihadharini! Mtu asiyejulikana akipiga simu, akasema ametoka benki, akataka mweke programu hii na kumsomea namba, kateni simu. Huyo ni mwizi. Akiingia, jasho la wanachama litapotea kwa dakika chache.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini programu hii inafananishwa na ufunguo?
2. Katika chama chenu, nani aruhusiwe kumsomea fundi namba?