Padri na Usimamizi wa Nyumba ya Wagonjwa



Mara nyingi vijana wa Seminari Kubwa wanatuuliza: "Padri, sisi tumeitwa kwa altare. Hesabu za dawa na mishahara ya waganga zinatuhusu nini?" Ulizo hilo si la kuchekwa. Lakini katika Kongo yetu parokia nyingi zina kituo cha afya ao hospitali kandokando ya kanisa, na siku moja Askofu atamtuma mmoja wenu huko. Siku ya kwanza atasalimu wagonjwa. Kesho yake wataletea madaftari. Twataka basi kuonyesha kwamba moyo mwema pasipo utaratibu unaweza kuua.

Neno hilo ni kali, lakini lina ushuhuda wake. Ni Yambuku, misioni ya kaskazini ya inchi yetu, katika Ekwateri ya zamani, leo provensi ya Mongala. Mwaka 1976, inchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, hospitali ya misioni hiyo ilikuwa na vitanda 120 na watumishi wa afya 17, kati yao masista watatu Wabelgiji. Watu walitoka mbali sana kuja pale. Kila asubuhi watumishi walipewa sindano tano tu, hizo hizo za kutumika mchana kutwa kwa wagonjwa wa nje, kwa mama wenye mimba na kwa waliolazwa. Baada ya mtu mmoja, mara nyingine sindano ilisuuzwa kwa maji ya moto kidogo, halafu ikachoma mwingine. Jioni mara nyingine zilichemshwa.

Mwisho wa mwezi wa Agosti akaja mwalimu mmoja wa shule ya misioni, mwenye homa. Walifikiri ni malaria, wakamchoma sindano ya klorokini. Homa ikatulia, kisha siku chache nyuma ikarudi kwa nguvu; na watu wengine waliochomwa sindano pale wakaanza kuugua vile vile. Ugonjwa ule haukujulikana bado. Ndio ulioitwa baadaye Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Wagonjwa walikuwa 318, wakafa 280. Wale waliojulikana kuambukizwa kwa sindano za hospitali hakupona hata mmoja. Watumishi 11 kati ya 17 walikufa, na tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa. Tume ya mataifa iliyochunguza jambo hili ilisema kwamba kufungwa kwa hospitali ndiko kulikosaidia kuliko yote kuumaliza ugonjwa. Tusome tena polepole: nyumba ilijengwa kwa kuponya, na watu wakapona ilipofungwa mlango.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu marehemu. Masista wale walikaa na wagonjwa mpaka kufa pamoja nao, na sisi hatujui kama tungekuwa na moyo ule. Upendo haukukosekana. Alikosekana mtu wa kuuliza: wagonjwa wangapi kwa siku, na sindano ngapi? Nani anachemsha, saa gani, na nani anakwenda kutazama kama kweli zimechemshwa? Kuuliza hivi hakutaki udaktari. Hata mkatekista anaweza. Huo ndio usimamizi.

Leo sindano inatupwa baada ya mtu mmoja, kwa hiyo hesabu imekuwa ya lazima zaidi. Tuchukue mfano. Kituo kinatumia sindano 300 kwa mwezi, na mzigo kutoka mjini unachukua miezi miwili juu ya barabara mbaya. Inafaa kuagiza siku gani? Si siku sanduku linapokuwa tupu. Sindano 600 zitatumika wakati wa kungojea, na inafaa kuweka 300 za akiba, maana lori likikwama mvuani halina huruma. Basi, zikibaki 900, barua ya kuagiza iondoke. Mwenye kungoja mpaka zibaki 200 amekwisha kuchelewa, hata kama bado anaona sanduku halijaisha. Ndiyo sababu kila dawa ina karatasi yake, ile tunayoita fishi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Na kila mwisho wa mwezi mtu afungue masanduku na kuhesabu kwa mikono, kwa kuwa fishi nayo inaweza kudanganya.

Hapa sisi wenyewe tulikosa. Tulipokuwa mapadri vijana, maskini walikuja kwetu wakilia, nasi tuliwapa dawa pasipo kuandika, tukijiona watu wema. Malaria ilipozidi, watoto waliletwa, na dawa yao haikuwako tena. Mwuguzi mkubwa wa kituo alituambia kwa heshima: "Padri, toa, lakini andika, na sanduku la Karitasi lilipe." Tangu siku ile dawa ya maskini iliandikwa kama nyingine zote, na feza yake ilitoka Karitasi. Maskini walipata kuliko zamani.

Lakini kuongoza si kushika funguo zote. Tumemwona padri mwenye kutembea na ufunguo wa dawa ndani ya kanzu. Akienda kutembelea vijiji, wagonjwa wanangoja arudi. Inchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500, kila moja na mganga mkuu wake, na vituo vyetu vimo ndani yake. Jimbo nalo lina ofisi yake ya kazi za afya, yaani BDOM. Kuponya ni kazi ya waganga. Padri aangalie mishahara itoke siku yake, feza ihesabiwe na watu wawili, na komite ya watu isomewe hesabu waziwazi. Mitume waliposikia manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa katika posho ya kila siku, hawakusema ni jambo dogo, wala hawakulishika wenyewe. Walitaka watu saba wenye sifa njema wachaguliwe, wakawapa kazi ile. Na Sheria ya Kanisa, kanoni 1284, inawadai wasimamizi madaftari safi ya mapato na matumizi, na ripoti kila mwisho wa mwaka.

Wenye kutaka elimu kamili wataipata katika shule za ISTM, penye sehemu ya usimamizi wa nyumba za afya. Lakini mseminari anaweza kuanza likizo hii. Aombe wiki mbili katika kituo cha parokia yake: asubuhi akae karibu na mwandishi wa wagonjwa, mchana ahesabu masanduku pamoja na mwuguzi, na komite ikikutana aingie, asikilize, anyamaze. Mwuguzi hatakataa, mara nyingi anatafuta tangu zamani mtu wa kumshikia taa anapohesabu.