Elimu ya Opampu: Mpaka wa Volti (Makala ya Sita)

Nilikuwa nimekusudia leo tuendelee na habari za vichujio vya sauti tulizozianza juma lililopita, lakini malalamiko yaliyojaa magazetini siku hizi, ya watu ambao umeme ukikatika huwarudia kwa kishindo ukawaunguzia vyombo vyao, yamenilazimu nitangulize jambo ambalo kila fundi wa redio yampasa alijue kabla hajayeyusha risasi: opampu, aina ya kikuzaji cha umeme, ina mpaka wa volti, na mpaka huo umeandikwa.

Opampu haikuzaliwa dhaifu. Mwaka 1941 Karl Swartzel, wa maabara ya Bell huko Marekani, alibuni kikuzaji cha valvu tatu kilicholishwa volti 350 juu ya sifuri na 350 nyingine chini yake, nacho kikaingia katika mitambo ya kulengea mizinga ya kutungulia ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina lenyewe, “operational amplifier”, ambalo opampu ni kifupi chake, lilipatikana mwaka 1947 katika maandishi ya John Ragazzini na wenzake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufanya hesabu, kujumlisha na kutoa, kwa umeme badala ya kalamu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Philbrick akaleta sokoni ile K2-W ambayo mimi siishi kuistaajabia: valvu mbili za 12AX7 juu ya kitako cha pini nane, zikinywa volti 300 kila upande, na pato lake likicheza baina ya volti 50 juu na 50 chini. Fundi wa zama zile aliheshimu mpaka kwa sababu aliuogopa. Mkono ukiteleza hapo, roho ilikuwa hatarini. Lakini mwaka 1968 Dave Fullagar wa Fairchild alipotoa 741, punje ya silikoni iliyozoea volti 15 kila upande, hofu ile ilitoweka na hadhari ikatoweka pamoja nayo, na hapo ndipo naona chanzo cha taksiri tunayoishuhudia.

Karatasi ya maelezo ya opampu ina jedwali la upeo usiovukwa, na aghalabu jingine la hali ya kazi. Mafundi wetu huyachanganya. Upeo si makao ya kufanyia kazi. Kama vile mstari wa shehena ubavuni mwa merikebu, ni alama ambayo ikizama mtengenezaji hana dhamana tena. Opampu ya MCP6001, kwa mfano, upeo wake ni volti 7 lakini kazi yake ni kati ya 1.8 na 6. Tena hesabu ni ya tofauti baina ya pini mbili za kulishia: volti 18 juu na 18 chini, kwa silikoni, ni 36.

Sasa tazama transfoma ya 15-0-15 inayouzwa kila duka. Hizo 15 si kilele. Zidisha kwa 1.414 upate 21.2, ondoa kiasi cha 0.7 ya dayodi, na kapasita itajaa volti 20 na nusu. LM741C, ambayo upeo wake ni 18 kila upande, imekwisha kuvushwa mpaka kabla umeme wa mtaani haujafanya kosa lolote. LM741 yenyewe, yenye upeo wa 22, itasalimika. Lakini umeme wa 230 ukipanda sehemu moja ya kumi ukafika 253, kapasita itafika 22 na nusu, na LM741 nayo pia imevushwa. Usiilaumu serikali kabla hujaisoma karatasi!

Basi weka kidhibiti volti cha 7815 upande wa juu na cha 7915 upande wa chini, acha soketi ya aisii tupu, washa, pima pini ya 7 na ya 4 kwa mita, na ukiona 15 na 15, zima, kisha ndipo uichomeke 741.