Utamu wa Wimbo Hutangulia Wimbo

Wimbo unaoupenda unakaribia pale panapokugusa. Bado hapajafika, lakini moyo umeshaanza kwenda mbio na pumzi imebadilika. Panapofika, mwili unakusisimka na vinyweleo vinasimama. Hukula wala hukupokea chochote. Ni hewa tu iliyotikisika. Ubongo unafurahia nini hapo?

Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao waliwatafuta watu ambao muziki huwasisimua mwili kila mara, wakawaambia waje na muziki wao wenyewe, usio na maneno. Watu 8 walidungwa raklopraidi yenye mionzi hafifu. Dutu hii hugombea na dopamini, kemikali ya ubongo, vipokezi vilevile: dopamini ikimwagika, raklopraidi hukosa pa kukaa, na mashine ya PET hulionyesha hilo. Kisha wakapigwa picha za MRI ili ijulikane kipi kinatangulia kipi.

Matokeo yalitoka mwaka 2011. Dopamini ilikuwa imemwagika katika njia zilezile zinazotusukuma kutafuta chakula, tena kwa zamu. Sekunde chache kabla ya kilele, sehemu ya ubongo iitwayo kaudati ndiyo iliyochangamka. Kilele kilipowadia, zamu ikawa ya sehemu nyingine, nukliasi akambensi. Kungoja nako kulikuwa na raha yake.

Je, dopamini ndiyo inayoleta raha hiyo, au huandamana nayo tu? Mwaka 2019, Laura Ferreri na wenzake walitangaza jaribio walilofanya Barcelona na watu 27. Walipomeza levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson inayoongeza dopamini, muziki uliwakolea zaidi. Walipomeza risperidoni, inayoizuia, utamu ulipungua.

Barcelona huko huko, mwaka 2014, watafiti walieleza habari za watu wazima wa afya ambao hufurahi wakishinda fedha, na sauti wanazisikia barabara, lakini muziki hauwagusi. Picha za baadaye zilionyesha kwamba kwao, mawasiliano kati ya sehemu ya ubongo inayosikia na akambensi ni hafifu. Sikio lina habari, ila haifiki penye furaha.

Basi usiwe na pupa ya kuruka ubeti ili ukifikie kiitikio. Wahenga walisema subira huvuta heri. Katika muziki, subira yenyewe ni sehemu ya heri.