Kufilisika Marekani si kukimbia deni

Baba mdogo ameandika kwenye grupu la ukoo kwamba sisi wa Ohio tumekula pesa za watu tukajificha mahakamani. Nimeshindwa kunyamaza. Watu haohao wanamjua mama anayelala kwa jirani akimkwepa bwana marejesho wa mikopo ya kausha damu, wanamhurumia. Mimi niliyekwenda mbele ya sheria na majina ya wadai wangu wote, naitwa tapeli.

Mume wangu aliumia mgongo, zamu za ghalani zikakatika, bili za hospitali zikajipanga juu ya kadi za mkopo ambazo tulishaanza kununulia chakula. Mdai mmoja akashtaki, mshahara wangu ukaanza kukatwa kabla haujanifikia. Hapo tukamtafuta wakili.

Njia za mtu binafsi kwa kawaida ni mbili. Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika ni ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, na huwafaa sana wenye nyumba wanayotaka kuinusuru. Sura ya 7 hufuta madeni mengi ndani ya miezi michache, ila msimamizi wa shauri anaweza kuuza mali isiyolindwa na sheria, na jina lako hubaki na doa kwenye rekodi za mikopo miaka 10. Tangu sheria ilipokazwa mwaka 2005, hujichagulii tu. Kinachukuliwa kipato chako cha miezi 6, kinalinganishwa na kipato cha kati cha familia ya ukubwa wako jimboni. Tuko sita nyumbani. Wanangu wanne, ambao shangazi yao huniuliza kila Krismasi kwa nini nilizaa wengi ugenini, ndio waliotuwezesha kuingia Sura ya 7.

Kabla ya kufungua shauri lazima usome somo la matumizi ya pesa; sisi tulilisoma kwenye intaneti. Ukishafungua, unasoma la pili, la sivyo madeni hayafutwi. Nimelea watoto wanne kwa mshahara wa kuhudumia wazee, halafu kompyuta inaniuliza kama ninajua tofauti ya hitaji na anasa! Ada ya mahakama ni dola 338, wakili ana yake. Kisha kinakuja kikao cha wadai. Jaji haruhusiwi kuhudhuria, na wadai wenyewe mara nyingi hawatokei. Kwetu alikuwepo msimamizi tu kwenye skrini. Akatuapisha, akaangalia vitambulisho, akauliza kuhusu Kibaha.

Ndiyo, Kibaha. Fomu inataka mali yote, popote ilipo duniani. Kiwanja chetu cha huko, chenye msingi na rundo la tofali tulikiandika, maana kuficha ni jinai, kifungo chake hufika miaka 5. Nyingine inauliza zawadi zilizozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2, kwa hiyo mchango wa msiba wa bibi nao ukaandikwa. Inauliza pia ndugu uliowalipa deni ndani ya mwaka mmoja. Ukimlipa ndugu ukawaruka wengine, msimamizi anaweza kumdai huyo ndugu arudishe pesa hizo. Ndiyo maana hatukumlipa kwanza baba mdogo, ambaye naye anatudai. Jina lake liko kwenye orodha kama la mdai mwingine yeyote. Deni likishafutwa, sheria hainizuii kumlipa kwa hiari yangu, na nitamlipa.

Fomu ya mali inauliza hata wanyama wa kufugwa na vyombo vya muziki. Mwanangu wa tatu alisikia, akakisukuma kinanda chake cha mtumba chini ya kitanda na kukifunika kwa koti la baridi. Nilikaa naye sakafuni nikamwonyesha mstari nilipokiandika, na bei yake, dola 40, nikamweleza kwamba vitu vya nyumbani vya thamani ndogo vinalindwa. Sasa anapiga tena, jioni nzima, wimbo mmoja tu. Mdogo wake anataka paka apewe bei kubwa zaidi.

Mkubwa wao anamaliza sekondari mwakani, naye ndiye anayeninyima usingizi. Mikopo ya masomo haifutiki kwa kufilisika mpaka uithibitishie mahakama kwamba kuilipa kutakutia dhiki iliyopitiliza. Nimemwambia aanze chuo cha jamii hapa mjini, alale nyumbani, aende kwa basi. Mkopo wa benki siusaini.