Istilahi za Tauni na Kazi katika Historia ya Uingereza ya Karne ya 14

Mwalimu au mfasiri atakaye kueleza kwa Kiswahili habari za maradhi yaliyoingia Uingereza mwaka 1348 hukwama tangu kwenye jina. Wengi huandika "Kifo Cheusi". Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno, nayo haifai. Watu walioyaona maradhi yale hawakuyaita hivyo; wao walitaja kufa kukubwa, na jina la weusi lilienea katika vitabu vya Kiingereza karne nyingi baadaye. Tena, kwa msomaji wa Mwanjelwa au Makambako neno "cheusi" halielezi dalili yoyote, bali huweza kumpeleka kwenye habari za rangi za watu. Yafaa tuseme Tauni Kuu.

Hata "tauni" lenyewe lahitaji uangalifu. Kiarabu, lilikotoka, hutofautisha tauni, ambayo ni maradhi mahususi, na waba, yaani ugonjwa wowote uenezao mauti kwa watu wengi. Katika Kiswahili neno hili lilipanuka, na msomaji wa Biblia hulielewa kuwa pigo lolote la maradhi. Upana huo wamfaa mhubiri. Mtumishi wa serikali aandikaye tangazo la afya hawezi kuutumia. Nasi wa Nyanda za Juu za Kusini tuna sababu ya kulijali jambo hili, maana mlipuko wa kwanza wa tauni ulioandikwa katika nchi yetu ulitokea Iringa mwaka 1886. Huko Lushoto maradhi yalizuka mwaka 1980, yakarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, yakawapata watu zaidi ya 7,000. Tangazo lililochanganya tauni na kipindupindu lingewafanya watu wachemshe maji huku panya wakifa darini.

Kwa hiyo tauni ibaki kwa ugonjwa wa bakteria aitwaye Yersinia pestis, ambaye mabaki yake yalichunguzwa mwaka 2011 katika meno ya waliozikwa East Smithfield, London, wakati wa Tauni Kuu. Magonjwa mengine yaitwe maradhi ya mlipuko. Kuhusu aina za tauni, hapana haja ya kukopa: mtoki, yaani uvimbe wa kinena, hutupatia tauni ya mitoki, na ile ishikayo kifua ni tauni ya mapafu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa watu wenyewe. Mkulima wa Uingereza aliyekuwa chini ya bwana wa shamba huitwa na baadhi ya wafasiri mtumwa, na wengine humwita mtwana. Lakini mtwana ni mtumwa mwanamume. Mkulima huyu hakupelekwa mnadani. Alikuwa na nyumba na konde lake, ila hakuweza kuhama bila idhini, na alidaiwa siku kadhaa za kazi katika shamba la bwana. Kiswahili kina neno shokoa, kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Napendekeza "mkulima wa shokoa".

Tauni ilipoua baina ya theluthi na nusu ya watu, mikono ya kazi ikaadimika na waliosalia wakadai zaidi. Mfalme akatoa amri mwaka 1349, na Bunge likatunga sheria mwaka 1351, kuurudisha ujira katika kiwango cha kabla ya tauni. Neno hapa ni ujira, si mshahara, kwani wengi walilipwa kwa siku au kwa msimu wa mavuno. Wapo watakaovutwa na neno "manamba", ambalo kwetu lina uchungu wake: wanaume wengi wa nyanda hizi waliandikishwa kwa namba kwenda mashamba ya mkonge. Hapo tumkataze mfasiri, lakini tumruhusu mwalimu alitumie kwa kulinganisha, mradi aseme kwamba analinganisha.

Kodi ya kichwa haina taabu. Neno ni letu na maana ni ileile. Ilitozwa mara tatu baina ya 1377 na 1381, na ya tatu ndiyo iliyowasha maasi ya mwaka 1381. Tuseme "maasi ya 1381", tusiseme "maasi ya wakulima", kwa sababu mafundi na watu wa mijini nao walikuwamo.