Kumtamani mtu moyoni: je, tayari umetenda dhambi?

Hebu tuongee ukweli, mimi na wewe. Uko kwenye matatu, jam imekwama pale Githurai, mara anaingia mrembo anaketi kando yako. Macho yamemwona hata kabla hujayatuma. Akili nayo, bila ruhusa yako, imeanza stori yake. Sasa swali: umeshatenda dhambi ama bado?

Usicheke. Swali hili lilinitoa kanisani.

Nilikuwa chuoni wakati huo, kabla karo inishinde nirudi mtaani. Nilikuwa kwenye kwaya ya vijana. Jumapili moja mhubiri akatuambia kwamba wazo la tamaa na tendo lenyewe ni kitu kimoja, hakuna tofauti. Nilirudi chumbani nikapiga hesabu ya mawazo ya wiki moja tu, nikaona jehanamu ninayo tayari. Nikaacha kwenda Meza ya Bwana, kisha nikaacha kwaya. Mwishowe nikajiambia: kama nishapotea, si basi nipotee kabisa? Hapo ndipo nilianza kukesha na video chafu kwenye simu. Mahubiri ya kunitisha hayakunizuia, yalinisukuma.

Kumbe sikuwa nimeusoma ule mstari vizuri. Kwenye Mathayo 5:28, Yesu anamzungumzia mtu anayemtazama mwanamke kwa kumtamani. Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaruke. Muundo wa sentensi kwa Kigiriki waelekeza kwenye nia: anatazama ili atamani. Na kitenzi kilichotumika ndicho kile kile kilicho katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Kutoka 20:17, ile amri ya kutotamani nyumba ya jirani, mkewe wala punda wake. Yaani ni moyo unaopanga kujitwalia kisicho chake. Kitenzi hicho hicho ndicho Yesu alichotumia kwenye Luka 22:15 kueleza alivyotamani kula Pasaka na wanafunzi wake. Kwa hivyo kutamani kwenyewe si uchafu. Shida ni unatamani nini, na ili ufanye nini.

Yakobo naye (1:14-15) anaeleza hatua kwa hatua: tamaa inakuvuta, inachukua mimba, ndipo inazaa dhambi. Na Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa kwa kila namna ila hakutenda dhambi. Basi kujaribiwa peke yake hakuwezi kuwa dhambi, sivyo?

Mtazame Daudi kwenye 2 Samweli 11. Kumwona Bathsheba kutoka darini ilikuwa ajali. Lakini aliendelea: akauliza ni nani, akatuma watu wamlete, na mwisho Uria akauawa vitani. Kila hatua ilikuwa na mlango wa kutokea. Hakuutumia.

Nisikudanganye kwamba makanisa yote yanasema jambo moja. Kanisa Katoliki, kwenye Mtaguso wa Trent mwaka 1546, lilisema kwamba ule mvuto wenyewe unaobaki ndani ya aliyebatizwa si dhambi hasa, bali unamvuta kwenye dhambi. Ili iwe dhambi ya mauti, lazima ujue na ukubali kwa hiari. Luther na Calvin walikuwa wakali zaidi: kwao hata ule mvuto ni sehemu ya dhambi inayohitaji msamaha. Lakini pande zote mbili hazisemi ukate tamaa. Zote zinasema msamaha upo.

Mwaka 1976 Jimmy Carter, mwalimu wa Sunday school aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, aliliambia jarida la Playboy kwamba ameshazini moyoni mara nyingi na kwamba Mungu anamsamehe. Watu walimcheka sana. Novemba alishinda kura.

Na sasa tufike mahali ambapo vijana wa kiume hatupendi kufika. Mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo hadharani na wanaume jijini Nairobi, eti amevaa vibaya. Wanawake wakaandamana mwezi huo wa Novemba. Soma tena Mathayo 5. Yesu hamwambii mwanamke hata neno moja kuhusu nguo. Anamwambia mwenye jicho ashughulikie jicho lake. Ukimlaumu binti kwa mawazo yako, hujaelewa somo.

Pia tusidanganyane kwamba wazo na tendo vina uzito mmoja duniani. Mzizi ni mmoja, lakini wazo halimpi mtu mimba wala virusi, wala halimwachi analia.

Mimi nilirudishwa na mzee mmoja wa kanisa hapa mtaani. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniambia, "Kijana wangu, wazo likipiga hodi hujakosa. Unakosa ukiliandalia chai." Akanionyesha Ayubu 31:1, Ayubu anapofanya agano na macho yake. Nikaanza kidogo kidogo: simu inalala sebuleni, na nikimtazama msichana najikumbusha kwamba ana jina, ana mamake, ana shida zake kama mimi.

Bado nabishiwa hodi, sikufichi. Lakini mwezi uliopita nilishiriki Meza ya Bwana tena. Na wewe, kama umekaa nje kwa sababu ya wazo lililopita tu, rudi ndani bana.